Kovu la Pajani

Bosibori alipozinduka kwenye wadi ya hospitali ya shamba la chai, kitu cha kwanza alichofanya ni kumeza mate. Yakapita. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza kwa kuinua kidevu, kama kuku anywapo maji, kwa sababu ya rovu lililojaa shingoni mwake mpaka likambana koo. Mwishowe alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, na pumzi yake ilipiga mluzi hata majirani wakaisikia. Sasa shingo ilikuwa nyepesi. Ilifungwa bendeji na iliuma, lakini hewa iliingia kimya. Akamshukuru Mungu. Kisha akajaribu kukunja mguu wa kulia, na hapo akasikia maumivu ya pili.

Akapapasa chini ya blanketi. Pajani, upande wa nje, kulikuwa na bendeji nyingine.

Aliyekuwa zamuni ni Kepher, dresa wa hospitali, yule aliyefunga vidonda, aliyegawa dawa na aliyesimama kati ya wagonjwa na daktari kuwatafsiria. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, Msabato, mpole, shati lake limepigwa pasi hata majira ya mvua.

"Dresa," Bosibori alimwita kwa sauti iliyokwaruza. "Mguu wangu una nini?"

"Hapo ni mahali pa sindano tu, mama."

"Sindano gani ambayo baadaye inashonwa kwa uzi?"

Kepher aliokota beseni lililokuwa chini ya kitanda, akalitazama ndani, akaondoka nalo upesi. Beseni lilikuwa tupu.

Bosibori alibaki akitazama mabati ya dari, na mambo yakaanza kumrudia. Siku ya kuchunguzwa, daktari mzungu, ambaye watu wa kambi walimwita Bwana Miwani, alikuwa amezungumza kwa muda mrefu. Alimwonyesha shingo kwa kidole, akachora kitu hewani, kisha akajigusa paja lake mwenyewe juu ya suruali. Kepher alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akageuka na kusema, "Anasema atalitoa hilo rovu, na utapumua."

"Maneno yote yale ni hayo tu?" Bosibori aliuliza.

"Kiingereza ni kirefu, mama."

Walicheka wote wawili siku ile. Sasa hakukuwa na la kuchekesha.

Jumapili mumewe, Ratemo, alikuja kumtazama. Ratemo alikuwa akipasua kuni za kiwanda cha chai, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa vibanzi. Aliiona shingo, akafurahi. Halafu Bosibori akasogeza blanketi kidogo, na furaha ile ikakatika.

"Shingo nimeielewa," Ratemo alisema polepole. "Ugonjwa ulikuwa huko. Lakini paja lilimkosea daktari nini?"

"Sijui, Baba Bitutu."

"Kisu kimeingia mwilini mwako, nawe hujui?"

"Nilikuwa nimelazwa kwa dawa ya kunusa. Hata wangenikata kichwa nisingejua."

Ratemo alitoka kumtafuta Kepher. Aliporudi uso ulikuwa umekunjamana. "Anasema hapo ndipo walipotoa damu ya kupima."

"Mimi aliniambia ni sindano."

Wakatazamana. Ratemo hakuketi tena. Alisimama kando ya kitanda mpaka kengele ya kuwafukuza wageni ikagongwa, na macho yake hayakuondoka kwenye mlango wa chumba cha daktari.

*

Bosibori alirudi kambini, kwenye safu za vyumba vya udongo zilizotazama mabonde ya chai. Nyuzi zilitolewa, vidonda vikafunga. Shingoni likabaki kovu jembamba kama mkufu, na pajani likabaki jingine fupi. Ukilibonyeza chini yake, kidole kilikutana na kitu kigumu, kidogo kuliko punje ya haragwe. Hakikuuma. Kilikaa tu.

Mwanzoni wanawake walikuja kumsifu shingo. Kisha mvua ndefu zikaanza, na ukungu wa Kericho ukashuka mpaka mtu asione mwisho wa mstari wa chai anaochuma. Bosibori akaanza kuhisi baridi. Haikuwa baridi ile ya kila mtu. Wenzake walipokuwa wanatoka jasho chini ya vikapu, yeye alijifunga shuka mbili. Asubuhi aliamka uso umevimba. Aliinuka kuchota maji, akasahau kwa nini ameinuka. Uji wa wimbi ukaungua jikoni naye amekaa hapo hapo anautazama.

"Mama Bitutu, unaumwa tena?" aliuliza Jerusa, jirani yake, aliyemwona amekaa juani bila kazi.

"Siumwi. Nimechoka tu. Baridi imeingia ndani ya mifupa."

Jerusa alinyamaza. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, kwa hiyo ukimya wake ulimtisha Bosibori kuliko jibu lolote.

"Sema, Jerusa."

"Unamjua Marcella? Mke wa Ojwang, yule fundi wa mashine kiwandani?"

"Namsikia tu. Wanakaa kambi ya juu."

"Alikuwa na rovu kama lako. Alikatwa na daktari huyu huyu. Alipona vizuri, watu wakampigia vigelegele." Jerusa alitazama pembeni. "Halafu akaanza na baridi."

Bosibori hakusubiri zaidi. Walipanda pamoja kwenda kambi ya juu mchana ule ule. Jua lilikuwa limetoka, watu wamevua makoti, na Marcella alikuwa ameketi karibu na jiko, blanketi mpaka masikioni. Uso wake ulikuwa mpana na wa rangi ya majivu, kope zimejaa maji, nywele zimepungua. Alipozungumza, sauti ilitoka nzito kama ya mwanamume, na kila neno lilichelewa.

"Karibuni," alisema, na baada ya kitambo, kama aliyetafuta neno sakafuni, akaongeza, "ndani."

Bosibori aliliona kovu. Lilikuwa kama lake hasa, mkufu ule ule.

"Dada," alisema, "nisamehe. Walikukata na pajani?"

Marcella alimtazama muda mrefu, kisha akavuta gauni taratibu, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Mapaja yalikuwa mazima. Hakukuwa na alama yoyote.

Mumewe, Ojwang, alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, mikono ikinuka mafuta ya mashine. "Kwa nini unamwuliza mke wangu habari za mapaja?"

Bosibori akamweleza. Hakuficha kitu: shingo, paja, punje ile, majibu mawili ya Kepher. Alipokuwa akisema aliona uso wa Ojwang ukibadilika, lakini hakuelewa amefikiria nini mpaka mtu huyo aliposema kwa sauti ya chini:

"Mke wangu alitolewa kitu. Wewe ukawekewa kitu."

Jerusa akashika mdomo.

"Mke wangu alikuwa mwanamke wa kuimba," Ojwang aliendelea. "Alikuwa anagombana na mimi asubuhi mpaka majirani wanakuja. Sasa namwuliza jambo, nakwenda kazini, narudi, ndipo ananijibu. Kile kilichokuwa kinamfanya awe Marcella kilitolewa hospitalini. Sasa najua kimekwenda wapi."

"Mbona na mimi nahisi baridi?" Bosibori aliuliza. "Kama nimepewa chake, si ningekuwa na joto la watu wawili?"

"Hakikujui. Kinamtafuta mwenyewe."

Bosibori alitamani kucheka, akashindwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameweka kiganja pajani, juu ya gauni, kama mtu aliyebeba yai la jirani.

*

Habari hiyo ilishuka mlimani kabla yao. Ratemo aliposikia hakupiga kelele. Aliomba ruhusa kazini, akaenda Kisii, akarudi na mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Arasa. Arasa alikuwa bingwa wa kupasua. Kwao alijulikana kwa kufungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeumia na kukwangua mfupa mpaka maumivu yakaondoka, na wengi aliowapasua walikuwa bado wanalima. Hakuwa wa ukoo wa Ratemo. Angekuwa wa ukoo wao, angehesabiwa baba mkwe wa Bosibori, na heshima isingemruhusu hata kukaa karibu na paja hilo.

Arasa alibonyeza punje ile kwa kidole gumba, macho amefumba. "Iko ndani ya nyama, si chini ya ngozi tu," alisema. "Aliyeiweka alitaka ikae. Naweza kuitoa."

"Itoe," Ratemo alisema.

"Nipeni niipeleke kwa mwenyewe," alisema Ojwang, aliyekuwa amesimama nje na mkewe. Alikuwa amemshusha Marcella mlimani kwa kumshika mkono hatua kwa hatua.

Bosibori aliwatazama wote. Kisu kilikuwa tayari kimewekwa juu ya jani la mgomba, na maji yalikuwa yanachemka. Hata yeye hakukipenda kitu kile. Kila alipogeuka usingizini alikifikiria. Lakini alipomwona Marcella, amesimama kama mti katikati ya ugomvi unaomhusu na hakuna anayemwuliza neno, akajikuta amechukia.

"Nimekatwa mara moja bila kuambiwa," alisema. "Sikatwi mara ya pili bila kujua kinachotolewa ni nini. Twendeni hospitali. Aliyekiweka aseme. Akishindwa kusema, Baba Arasa atakitoa pale pale mbele ya mlango wao."

Wakaenda wote, na nusu ya kambi ikafuata.

Bwana Miwani alitoka verandani akifuta mikono kwa taulo. Kepher alikuwa nyuma yake. Ojwang alisema yake, Ratemo akasema yake, kwa sauti kubwa na kwa pamoja. Daktari alimnong'oneza Kepher maneno machache.

"Anasema nini?" Bosibori aliuliza.

"Anasema mrudi kesho, mmoja mmoja."

"Kepher." Hakumwita dresa. "Mimi uliniambia sindano. Mume wangu ukamwambia damu. Hili la leo ni la tatu. Angalia vizuri unachosema."

Arasa alikuwa ameshafungua kitambaa cha visu vyake, anavipanga kwenye ngazi. Kepher aliviona. Mabega yake yakashuka.

"Hicho kilicho pajani ni chako mwenyewe, mama," alisema. "Ni kipande cha shingo yako."

Watu wakaguna. Kepher akainua mkono.

"Kila mtu ana tezi hapa kooni, hata wewe Ratemo, hata mimi. Ndiyo inayoupa mwili joto na nguvu. Ya kwako, mama, ilikuwa imevimba ikazunguka koo pande zote, na daktari aliona hawezi kuacha sehemu yoyote pale. Akaitoa yote. Lakini alichagua kipande kilichokuwa bado kizuri, akakikatakata vipande vyembamba, akakipanda kwenye nyama ya paja, kama mtu anavyohamisha mche kitaluni. Kikishika, kitafanya kazi yake huko huko. Baridi unayosikia ni kwa sababu bado hakijashika vizuri. Au hakitashika. Hata yeye hana hakika."

"Siku ile alisema haya yote?"

"Alisema."

"Na wewe ukaniambia nitapumua."

"Ulikuwa umekaribia kukabwa, mama. Nikafikiri, nikimwambia huyu kwamba rovu lake litashonwa mguuni, atakimbia, na atakufa njiani. Nikaona nikunyamazie, upone kwanza."

"Nani alikupa ruhusa ya kuniamulia?"



Ojwang akapanda ngazi ya kwanza. "Haya. Huyu alipandiwa pajani. Mke wangu alipandiwa wapi?"

Kepher alitafsiri. Bwana Miwani alivua miwani yake. Bila miwani alionekana mzee zaidi. Alimtazama Marcella, akatazama chini, akasema jambo fupi kwa Kiingereza. Midomo ya Kepher ikafunguka, ikafunga.

"Tafsiri," Bosibori alisema.

"Mama..."

"Tafsiri, Kepher!"

Jasho lilikuwa linamtiririka dresa ndani ya shati lake la pasi. "Amesema," alianza, "amesema, 'Hilo usiwaambie.'"

Hata watoto wakaacha kusukumana. Daktari alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuelewa kilichotokea. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Bosibori alidhani atamfukuza Kepher pale pale, au ataingia ndani na kufunga mlango. Badala yake alizungumza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kibovu cha kuamrisha wapishi.

"Ya Marcella mimi natoa yote. Hapana bakisha. Mimi nafikiri ni mzuri." Akatafuta neno, hakulipata. "Si mzuri."

Mengine alimwachia Kepher, na safari hii Kepher alitafsiri bila kuruka. Kwamba daktari alimwona Marcella mwaka uliopita karibu na kiwanda, asimtambue. Kwamba alipoambiwa ni nani, alijua amefanya nini. Tangu siku ile aliapa hatamtoa mtu tezi yote bila kumrudishia sehemu.

"Kwa hiyo alijua," alisema Ojwang.

"Alijua."

"Mwaka mzima. Na nyumba yetu anaijua."

Ojwang aliruka, na kama si Ratemo kumdaka kiunoni, daktari angepigwa siku ile na pengine Ojwang angefungwa. Bwana Miwani hakurudi nyuma. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya kahawia yenye vidonge. Kepher akaeleza: ni tezi ya kondoo, imekaushwa na kusagwa Ulaya. Aliyekosa yake anaweza kutumia hii kila siku, na mwili utaamka. Chupa ilikuwa imefika siku nyingi. Ilikuwa kabatini.

"Kabatini inafanya nini?" Jerusa alipayuka kutoka nyuma.

"Alikuwa anatafuta jinsi ya kuja kusema," alijibu Kepher, na hata yeye alionekana kuona aibu ya jibu hilo.

"Hatutaki!" Ojwang alisema. "Leo kondoo, kesho mbwa. Mke wangu hali kitu kutoka mkono ule."

"Ojwang."

Sauti ile nzito iliwageuza wote. Marcella alikuwa amepiga hatua mbele. Walisubiri, maana kwake kila neno lilikuwa na safari yake.

"Baridi," alisema Marcella, "naisikia mimi." Akanyoosha mkono. "Lete."

Bosibori alimwahi kabla hajaigusa chupa. "Ngoja, dada. Wao wameze kwanza." Akamgeukia daktari na kumwonyesha mdomo wake kwa kidole. Bwana Miwani alielewa. Alifungua chupa, akameza kidonge kimoja mbele ya watu wote bila maji. Kepher naye akameza chake. Watu waliwakodolea macho kwa kitambo, kama wanaotarajia wataota pembe.

Arasa alikuwa bado amechutama kwenye ngazi. Alimwita Bosibori, akabonyeza tena punje ile juu ya gauni, mara moja tu, kisha akaanza kufunga visu vyake.

"Mzee, hutoi?" Ratemo aliuliza.

"Kama ni chake, nitoe nikipeleke wapi?" alisema Arasa. "Wamemdanganya, ni kweli. Mtu hapasuliwi kwa sababu alidanganywa."

*

Vidonge vile havikufanya miujiza kwa haraka. Kwa majuma kadhaa Ojwang alikuwa akimnusa mkewe pumzi kila asubuhi, akitafuta harufu ya kondoo. Kisha siku moja Marcella alivua blanketi. Siku nyingine akauliza ni nani aliyeharibu jiko lake. Kufikia kiangazi walikuwa wanagombana tena, na majirani wa kambi ya juu, waliokuwa wamesahau usumbufu huo, wakaja kusikiliza.

Bosibori alikataa vidonge. Daktari alimpelekea mara mbili, akavirudisha. Alisema anataka kuona kama kile cha pajani kitafanya kazi kweli, kama walivyosema. Ratemo aliona ni ukaidi, na pengine ulikuwa. Kulikuwa na siku aliogopa sana, siku alizoshindwa kukumbuka jina la mtoto wa Jerusa, siku ambazo mkono ulikuwa mzito juu ya majani. Halafu mvua zikaisha. Asubuhi moja alikuwa anachuma mstari wa mbali, akasimama kuvua shuka, akavua na ya pili, akaendelea kuchuma. Alifika mwisho wa mstari ndipo alipogundua amefanya nini. Akakaa chini katikati ya chai na kulia, na nyapara alipomfokea hakumsikia.

Kepher alikuwa ameshaondoka wakati huo. Alihamishiwa zahanati ya upande wa Londiani, na hakuna aliyeambiwa sababu, ingawa kila mtu alijua. Siku ya kuondoka alipita kwa Bosibori, sanduku kichwani.

"Nilitaka upone," alimwambia.

"Napumua," alisema Bosibori. "Lakini wewe bado nakutazama mdomo unaposema."

Kepher akaitikia kwa kichwa, akashika njia.

Ratemo hakuacha kushuku. Kila mkewe alipopiga chafya aliuliza kama paja liko sawa. Na Bosibori mwenyewe hakuipenda hospitali ile mpaka mwisho. Hata hivyo aliizoea kuliko mtu yeyote kambini, kwa sababu ikawa desturi kwamba mwanamke akiitwa kukatwa, iwe rovu au jipu au uzazi uliokwama, humpitia Bosibori kwanza. Alikwenda nao, akaketi kwenye benchi kati ya mgonjwa na dresa mpya. Daktari alizungumza, dresa akatafsiri, na Bosibori akasubiri mpaka wamalize.

"Sasa rudia," alikuwa akisema, "na safari hii usiruke kitu."

Bwana Miwani alikuwa akivuta pumzi na kuanza upya tangu mwanzo.